Mita Ishirini na Nne Ndani ya Nyumba

Siku ya Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, Gjertrud Kallevik alivunja mayai manne kwenye bakuli, akamimina maziwa, unga na iliki, kisha akatia baking pauda vijiko viwili badala ya kimoja. Alijua haitasaidia. Kila alipofungua chuma cha kuokea, vafler, vile vikeki vyao vya kahawa, zilitoka zile zile, mioyo mitano iliyoungana, bapa na ngumu kama soli ya kandambili. Ndani ya nyumba ile hakuna kitu kilichoumuka vizuri kwa miaka kumi na saba, kwa sababu ndani ya nyumba ile kulikuwa na kina cha mita ishirini na nne.

Nyumba yenyewe ilisimama juu ya mwamba, mtaa wa juu wa mji mdogo wa bandari wa Skudeneshavn, mbao zake nyeupe na mapazia yake kama ya majirani. Bahari ilikuwa huko chini, unaiona kwa dirisha la jikoni. Ndani hakukuwa na maji. Sakafu ilikuwa kavu na viatu vilivuliwa mlangoni kama kwa watu wote. Kilichokuwamo ni mbano wa maji peke yake, bila maji. Kipimo cha shaba kilichotundikwa juu ya jokofu kilisoma ishirini na nne, kiangazi na kipupwe.

"Zimekufa tena hizo," alisema mumewe, Torleiv, akizitazama vafler.

"Hazijafa. Zimejipumzisha."

"Tangu mwaka themanini na nne?"

"Kama wewe tu."

Walisemeshana hivyo kwa sauti za bata, maana hewa ya ndani ilikuwa imechanganyika na heliamu, ile gesi ya kujazia maputo ya watoto siku ya taifa. Ilitoka wapi, hakuna aliyeuliza. Gjertrud alikuwa ameizoea kiasi kwamba akiwa kazini, akijisikia anaongea kwa sauti yake nene, hudhani ana mafua.

Torleiv alikuwa amenyoa ndevu mara mbili asubuhi ile. Alivaa sweta la sufu ambalo mkewe alimfumia, na daftari dogo lenye jalada jeusi alikuwa ameliweka mezani, akalisogeza kulia, akalisogeza kushoto, akalirudisha kulia.

"Liache," Gjertrud alimwambia. "Halina miguu, halitakimbia."

"Hawa wakikataa hawatakuja wengine."

"Najua."

Alijua. Kwa miaka kumi na saba mume wake alikuwa anataka kitu kimoja, na siku hiyo watu wawili wa kamati ya serikali walikuwa njiani kuja kukitazama.

Torleiv alikuwa mpiga mbizi wa mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini kwa miaka kumi na mmoja. Alifungiwa ndani ya kengele ya chuma, kile kichumba cha kushushia wapiga mbizi, akashushwa mita mia na zaidi, akakaza bolti za mabomba gizani, akapandishwa. Watu hudhani kazi ni kushuka. Kazi ni kupanda. Alimweleza Gjertrud jambo hilo kabla hawajaoana, kwa kutumia chupa ya soda.

"Nikiwa chini, gesi ninayovuta inaingia kwenye damu, kwenye mafuta, hadi kwenye uboho, inatulia humo kama gesi ya soda hii. Ukifungua kizibo polepole, inatoka kistaarabu. Ukifungua ghafla, mtu mzima anakuwa povu."

Akafungua ghafla ili aone. Soda ilimwagikia gauni lake jipya. Alinuna siku mbili, lakini alielewa, na hajasahau hadi leo.

Upolepole wa kufungua kizibo hupangwa na jedwali, na jedwali huuliza mambo mawili tu: ulikwenda kina gani, ulikaa dakika ngapi. Dakika huhesabiwa tangu mlango wa kengele unapofungwa na mbano kuanza kuingia, maana damu haimngoji mtu afike chini ndipo ianze kunywa gesi. Mpiga mbizi anajua hili kama mpishi anavyojua chumvi. Lakini kwenye meli ya mwisho aliyofanyia kazi, msimamizi alibonyeza saa yake pale mguu wa mpiga mbizi ulipogusa chini. Kushuka kulichukua dakika kumi na tatu. Dakika hizo hazikuandikwa popote, kwa hiyo jedwali lilitoa mstari mfupi zaidi, watu wakapandishwa haraka zaidi, na meli ikawahi kwenye kazi nyingine. Torleiv alipouliza, msimamizi alimwambia kwamba anayetaka kuuliza maswali akafundishe shule. Akanunua daftari dogo. Kwa kila mbizi aliandika kwa penseli saa zote mbili, saa ya mlango na saa ya mguu. Mbizi mia mbili na kumi na mbili.

Mfupa wa bega la kulia ulikufa kwanza, kisha wa nyonga. Akaanza kuyumba akitembea mahali tambarare, na kusahau majina ya watu aliosoma nao. Daktari wa kampuni alimpima dakika kumi akaandika: neva dhaifu, mtu wa kulalamika. Hayo ndiyo yaliyobaki kwenye faili.

Alirudi nyumbani mwaka themanini na nne, na kina kikamfuata. Kilianza kidogo. Krismasi ile keki ilikaa katikati kama imekaliwa na mtu. Jirani yao Olaug, aliyeingia kuazima sukari, masikio yake yalilia tiki, akasema, "Nyumba yenu ina mita mbili." Olaug alizaliwa na wavuvi, hakukosea. Mwaka uliofuata zilikuwa tano. Mwaka wa saba zikafika ishirini na nne, zikatulia.

Torleiv alisema ni zile dakika zake. Gjertrud hakubishana, kwa sababu aliona jambo moja kwa macho yake: kadiri nyumba ilivyozama, ndivyo mume wake alivyopona. Mwenye povu mwilini dawa yake ni kubanwa tena, hata hospitali hufanya hivyo. Ndani ya nyumba bega halikumuuma. Alitembea bila kushika kuta, akayakumbuka majina yote, hata ya watu ambao afadhali angewasahau. Alipotoka kwenda kumzika mama yake, alirudi akiwa amebebwa na wanaume wawili.

Manispaa ilimtuma mhandisi. Alipima, akafungua kitabu cha kanuni, akakuta kanuni za urefu wa nyumba kwenda juu na hakuna hata moja ya kwenda chini. Akala vafler moja, akasubiri dakika zake, akaenda zake.

Majirani walifanya msaragambo Jumamosi moja. Walileta milango miwili ya chuma kutoka meli kuukuu ya uvuvi, wakajenga kijumba mbele ya mlango, benchi ndani, vali ukutani, na ubao wa kuandikia chaki. Milango miwili haifunguliwi pamoja. Anayeingia anaandika saa mlango wa nje unapofungwa. Anayetoka anasoma jedwali lililobandikwa juu ya benchi na kukaa hapo hadi muda wake uishe, huku vali ikitoa hewa kidogo kidogo. Mtu wa kikombe kimoja cha kahawa haongezi kitu. Mtu wa chakula cha mchana aje na kazi ya kufuma.

Mwanzoni kulikuwa na makosa madogo. Mchungaji alikuja siku ya kuzaliwa ya Torleiv akanywa soda tatu. Ndani ya mbano soda haina povu, hushuka kama maji ya sukari. Pale kwenye benchi, mbano ulipoanza kupungua, soda zote tatu zilikumbuka kuwa ni soda. Aliongoza ibada ya jioni akicheua hadi sala ya mwisho, na wazee wakasema hawajawahi kumsikia akihubiri kwa nguvu namna ile.

Kilichokuwa kigumu ni kulala. Mtu akilala usiku mmoja chini, mwili hujaa gesi kabisa, na kupanda kwake ni siku moja na nusu kwenye benchi. Gjertrud alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wazee, na wazee hula kila siku. Kwa hiyo alilala kwenye kile kinyumba cha uani walichoachiwa na wakwe zake, hatua ishirini kutoka kwa mumewe. Asubuhi alishuka kunywa naye kahawa. Baada ya kazi alishuka kula naye, akaandika saa yake, akahesabu, akapanda. Walipungiana mikono dirishani. Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na sita, na kumi ya mwisho ilikuwa ya kupungiana.

Watu wa kamati walifika saa tano na dakika tano. Olaug ndiye aliyewapokea, maana mlango wa nje alikuwa ameufanya wake.

"Karibuni. Viatu vueni hapahapa. Nani mwenye mafua?"

Hakuna aliyekuwa na mafua. Mwenyekiti aliitwa Hallvard Brekkhus, mwanasheria mrefu mwenye mkoba. Aliyefuatana naye alikuwa Daktari Lyngholm, mama wa makamo aliyevaa soksi zisizofanana.

"Mtakaa sana?" Olaug aliuliza.

"Kadiri itakavyohitajika," alisema Brekkhus.

"Ndivyo alivyosema mchungaji."

Akafunga mlango wa nje. Gjertrud, aliyekuwa amekwisha kupanda na kumaliza dakika zake za asubuhi ili awashushe wageni, aliandika ubaoni mle kijumbani: saa tano na dakika kumi. Akafungua vali. Hewa ilianza kuingia kwa mluzi. Daktari alimeza mate akawa sawa. Brekkhus alishika sikio la kushoto.

"Inauma."

"Bana pua upulize, baba," Gjertrud alimwambia.

Akapuliza.

"Siyo hivyo, hivyo unazima mshumaa. Puliza kama umekasirika."

Brekkhus hakuwa mtu wa kukasirika. Ilibidi wasimame kila mita mbili kulisubiri sikio lake, na walipomaliza kulisubiri ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano, ndipo mlango wa ndani ukafunguka wakakaa mezani.

"Ahsanteni kwa kutupokea," alisema mwenyekiti kwa sauti ya bata. Alikohoa, akaendelea kwa sauti hiyohiyo. "Kamati imepewa jukumu la kuchunguza madai kuhusu mazingira ya kazi ya wapiga mbizi katika kipindi husika."

"Chukua kahawa," Torleiv alisema. "Lakini ngoja kwanza. Humu maji huchelewa kuchemka, na yakichemka yamepita kiasi."

Wakangoja. Wakala vafler pamoja na jibini ya kahawia, na Daktari Lyngholm akasema ni tamu. Gjertrud akajua ni mwongo mwenye adabu, akampenda.

Daktari alimpima Torleiv palepale jikoni. Akalibonyeza bega.

"Hapa?"

"Humu ndani hapana."

"Na nje?"

"Nje linauma hata mtu akinisalimia."

Akampa maneno matatu ya kukumbuka: mashua, kiazi, mjomba. Wakaongea mambo mengine robo saa, kuhusu usingizi na choo na mtoto wao wa kike anayefundisha Bergen. Kisha akamuuliza.

"Mashua, kiazi, mjomba," alisema Torleiv. "Nje ningekurudishia kiazi tu."

"Angekirudisha kimemenywa," Gjertrud alisema. "Kwa chakula hasahau."

Daktari alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha bata watatu. Kisha aliacha kucheka akaliangalia tena lile bega, akalishika kwa kiganja chote, taratibu, kama mtu anayeshika kitu kilichokuwa na thamani.

Brekkhus alikuwa akisoma daftari. Alisoma kurasa zote. Penseli ilikuwa imefifia lakini namba zilisomeka: mlango, mguu, mlango, mguu, na kati yao kila mara dakika kumi na tatu, mara chache kumi na mbili.

"Bwana Kallevik," alisema mwishowe, "unataka nini kutoka kwetu?"

"Sentensi moja."

"Ipi?"

"Muda ulihesabiwa vibaya."

Mwenyekiti alisubiri nyingine.

"Basi," Torleiv alisema. "Ni hiyo tu. Faili linasema mimi ni mtu wa kulalamika. Maana yake ni kwamba mwili wangu ni mwongo. Nimeishi na mwili huu, ndugu, najua haukusema uongo hata siku moja. Nataka mtu mwenye muhuri aseme hivyo."

Brekkhus aliandika. Gjertrud, ambaye alikuwa amesimama karibu na jiko, aliona ameandika maneno yote matatu.

Saa saba na robo waliinuka. Basi lao la kuelekea uwanja wa ndege lilikuwa saa nane na nusu. Torleiv aliwasindikiza hadi kwenye mlango wa ndani akaweka kidole kwenye jedwali la ukutani.

"Sasa kupanda," alisema. "Kwenye meli yetu walihesabu tangu mguu unapogusa chini. Ninyi mlikaa mezani saa tano na dakika ishirini na tano. Kwa hesabu hiyo ni saa moja na dakika hamsini, mstari huu hapa. Mtasubiri dakika sitini na tano, na basi mtaliwahi mkikimbia."

Brekkhus aliitazama saa yake ya mkononi.

"Mkihesabu tangu mlango wa nje, ni saa mbili na dakika tano. Mstari wa chini yake. Dakika tisini. Basi litaenda. Mchague wenyewe, mimi sina neno."

"Tangu mlango wa nje," Brekkhus alisema papo hapo. "Bila shaka." Akalitazama tena jedwali, akashika kiwiko chake kana kwamba kimeanza kumuuma. "Na tuongeze kumi. Kwa usalama."

"Kumi zaidi," Torleiv alisema. "Vizuri. Ni vizuri kuwa na usalama."

Alimpa mkono, akampa na daktari. Mkono wa daktari alikaa nao kidogo. Kisha mlango wa ndani ukafungwa, naye akabaki upande wake, uso wake kwenye kioo cha duara, ametabasamu kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

Gjertrud alipanda nao, kwa kuwa saa kumi na moja alitakiwa awape wazee supu. Alikaa kati yao kwenye benchi akafuma. Baada ya nusu saa kioo cha saa ya Brekkhus kiliruka chenyewe kikagonga dari, maana gesi iliyoingia ndani ya saa nayo ilitaka kutoka. Akakiokota akakitia mfukoni.

"Tumebakiza ngapi?" aliuliza.

"Sabini."

Akauliza tena baada ya dakika tano, na tena. Kila mara Gjertrud alimjibu kwa upole, kama anavyowajibu wazee wake wanaouliza kama ni Jumapili. Sauti zao zilikuwa zimeanza kurudi, zikaacha ubata kidogo kidogo. Saa nane na nusu walisikia basi likipita huko barabarani. Brekkhus hakuinua hata kichwa.

"Unalala wapi, mama?" Daktari Lyngholm aliuliza.

"Uani. Kwenye kinyumba kile."

"Peke yako?"

"Na redio."

Daktari akaitazama kazi ya kufuma mikononi mwa Gjertrud. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Daftari lake ni safi sana. Sijaona kumbukumbu safi kama ile."

"Basi andika hivyo."

Daktari aliziangalia soksi zake. "Anayeandika ni mmoja, mama. Sisi wengine tunatia sahihi."

Gjertrud alihesabu vishono vyake hadi mwisho wa mstari, akageuza kazi. Hakumchukia. Alifikiri tu kwamba mtu huyu akirudi kwake leo ataoga maji ya moto kwa muda mrefu.

Saa tisa kasoro dakika tano Olaug alifungua mlango wa nje.

"Wamepikika?" aliuliza.

"Wameiva," alisema Gjertrud.

Brekkhus alitoka, akakunja viwiko, akakunja magoti, akaona yako sawa. Alishukuru sana. Alimwambia Olaug kwamba mpangilio wa kijumba kile ni mzuri kuliko mingi aliyoiona.

Barua ilikuja baada ya wiki sita, siku ya Jumanne, mchana. Olaug aliileta mwenyewe, akashuka nayo, akakaa. Gjertrud alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Torleiv alimpa aisome.

Ilikuwa na kurasa tisa. Kamati ilikuwa imetembelea makazi ya mlalamikaji na kuthibitisha kuwapo kwa kina cha mita ishirini na nne. Kamati ilikuwa imelipitia daftari na haina shaka nalo. Gjertrud alisoma kwa sauti yake ya bata, polepole, bila kuruka mstari. Ukurasa wa nane ulisema kwamba kuhesabu muda tangu mpiga mbizi anapofika chini ulikuwa utaratibu unaoeleweka katika mazingira ya wakati ule, na hauwezi kuitwa kosa. Maelezo ya daktari wa kampuni yalibaki kama yalivyo. Chini kulikuwa na sahihi mbili na muhuri.

"Na ukurasa wa tisa?" Torleiv aliuliza.

Ukurasa wa tisa ulikuwa fomu ya usalama kazini ya wajumbe wenyewe. Muda chini ya mbano: saa mbili na dakika tano, umehesabiwa tangu kufungwa kwa mlango wa nje. Nyongeza ya tahadhari: dakika kumi. Madhara: hakuna.

"Washenzi," alisema Olaug.

"Hapana," Torleiv alisema. "Wamehesabu vizuri." Akaichukua barua, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akaiweka chini ya daftari. "Wanajua kuhesabu. Nilitaka kuwa na hakika."

Olaug aliinuka. Akavaa koti, akambusu Torleiv kwenye kipara, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda kwenye benchi kusubiri dakika zake.

Gjertrud alitenga viazi na samaki. Wakala. Torleiv alikula vizuri. Halafu Gjertrud aliosha vyombo, akafuta meza, akaenda kwenye simu iliyokuwa ukutani, akaongea kidogo, akarudi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Kazini. Nimewaambia watafute mpishi mwingine."

"Kwa sauti hiyo?"

"Walidhani ni yule mzee wa chumba namba saba anawatania. Ikabidi nirudie mara tatu."

Torleiv aliangalia saa. "Gjertrud, muda wako unaisha. Ukichelewa utaingia mstari mwingine."

"Niambie tena. Nikilala humu leo, kupanda ni muda gani?"

"Siku moja na nusu. Unajua."

"Nikilala wiki?"

"Siku moja na nusu."

"Nikikaa mpaka Krismasi?"

"Hiyohiyo. Mwili ukishajaa umejaa, hauongezi."

"Na nikikaa miaka thelathini?"

"Gjertrud."

"Nakuuliza wewe fundi."

"Siku moja na nusu," alisema Torleiv.

Akavua aproni, akaitundika. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo watu wa Skudeneshavn waliokwisha kula hujilaza kidogo. Wakaenda chumbani. Kitanda kilikuwa kipana, upande mmoja umelaliwa na mwingine bado mgumu. Alilala upande mgumu, akavuta blanketi, akaweka mkono juu ya bega la mumewe, lile la kulia.

"Humu ndani sisikii mbano wowote," alisema baada ya muda. "Miaka yote hii sijausikia."

"Huwezi kuusikia. Unabana pande zote sawa, juu, chini, ubavuni, hadi ndani ya sikio. Kitu kikikubana pande zote sawa hukisikii."

"Kwa hiyo husikii kitu kabisa?"

"Mkono wako nausikia."

"Niutoe?"

"Uache," Torleiv alisema kwa sauti ya bata, akafumba macho.